Baridi Haikufika

Nilikuwa nimeinamia rimu, Barabara ya Kumi na Moja,
nakaza spoku ya ishirini na saba,
shingo ikapasuliwa bila kisu.
Si maumivu ya mto mbaya.
Kama mtu amekata waya wa breki
na baiskeli bado iko mteremkoni.

Spana ikaanguka kabla sijaamua kuiachia.
Nikaitazama. Vidole navyo vikaitazama.
Hakuna aliyeinama.

Robo saa, miguu nayo ikaaga.

Ngamiani hawakosi jibu.
Mwanakombo wa jirani akasema jini.
Shemeji Kihiyo akasema kiharusi, akanisugua mafuta ya karafuu.
Nikawauliza: kiharusi gani hiki
kisichopinda mdomo, kinachoniacha nibishane nanyi?
Wakasema, basi hilo ndilo jini.

Bombo, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani.
Daktari Zulfa hakuwa na haraka ya kuonekana anajua.
Alileta barafu ndani ya glovu iliyofungwa fundo,
kaiomba kwenye friji ya soda ya kantini.
Kifuani. Tumboni. Pajani.
"Baridi?"
"Bado."
Barafu ikayeyuka, maji yakashuka hadi kwenye shuka;
niliyaona, sikuyapokea.

Kisha akagonga chuma chenye meno mawili,
akakisimamisha kwenye kifundo cha mguu.
Kikaimba!
Nikakisikia mfupani, kama rimu inavyovuma
ukiizungusha na spoku zote zimekaa sawa.
Akashika kidole gumba cha mguu, mimi nimefumba macho:
juu, chini, chini, juu.
Sikukosa hata kimoja.

Hapo ndipo alipoacha kuandika.
Nyuma ya fomu ya dawa akachora duara,
ndani ya duara, kipepeo.
"Uti wako una mshipa mmoja mbele, miwili nyuma.
Wa mbele umeziba, hapa shingoni.
Nyuma damu inapita, ndiyo maana chuma kinaimba.
Mbele kumekauka: nguvu, moto, baridi, uchungu wa pini."
"Kwa hiyo ni kiharusi."
"Ni kiharusi. Hakikupanda kichwani tu."
Shemeji akakohoa. Alistahili kukohoa.

Miaka sita naambiwa presha ishuke.
Siku ile akaandika kwenye plasta, akaibandika kwenye dripu:
PRESHA ISISHUKE.
Damu isukumwe, alisema, ipenye vichochoroni
kama maji yanavyotafuta njia bomba kuu likipasuka.

Tukapelekwa Moshi kupiga picha ya sumaku.
Gizani mwa uti, madoa mawili meupe, mviringo,
yananitazama.
"Macho ya bundi," akasema kijana wa mashine,
halafu akatamani kuyameza maneno yake.
Kwetu Usambara bundi akilia juu ya paa
mama alitoka na kijinga cha moto.
Huyu hakutua juu ya paa.
Ameatamia shingoni mwangu,
nami sina mkono wa kumrushia jiwe.

Hakuna sindano ya kumfukuza. Daktari hakunificha.
Kuna aspirini, ndogo kuliko kifungo cha shati.
Kuna mrija wa mkojo, ambao sitausimulia.
Kuna kugeuzwa kila saa mbili, usiku na mchana,
mke wangu Mwanahawa akihesabu kwa adhana,
na baina ya adhana, kwa simu.
Kuna Redempta wa mazoezi na kamba yake ya katani:
"Vuta."
"Navuta."
"Unavuta kwa macho, Hoza. Vuta kwa mkono."

Wiki ya tatu chai ilinimwagikia pajani.
Malengelenge yaliota, mimi naendelea na mazungumzo.

Wiki ya tisa, kidole cha shahada kikasogea.
Mwanafunzi wangu Shebila akaleta gurudumu la mteja
akaliegemeza kitandani, nesi hayupo.
Nikalisukuma. Likazunguka nusu, likajikwaa.
Nikaligusa kwa ukucha, nikasikiliza.
"Ya ishirini na saba," nikamwambia, "bado imelegea.
Geuza kushoto."

Akageuza kulia.